Pea ya Kwanza ni Buluu

Kompyuta ya Linux ikipoteza waya wa mtandao haikwambii kwamba intaneti imekata. Inaandika `NO-CARRIER`, halafu inanyamaza. Nimewahi kukaa na neno hilo nikilitafutia Kiswahili chake. Kwa wahandisi ni ile ishara ya umeme inayobeba ujumbe ndani ya waya. Isipokuwepo, hakuna kinachokwenda wala kurudi. Mimi nikalitafsiri hivi: hamali hayupo. Mzigo upo, ghala liko wazi, mwenye mzigo anasubiri upande wa pili, ila hakuna wa kubeba. Kwa mtu wa Tanga, mji wa bandari, hapo hahitaji maelezo mengine.

Nimeanza na neno kwa sababu naamini matatizo mengi ya kompyuta ni matatizo ya kusoma. Mashine inasema kila kitu, tena bila kuficha, ila kwa lugha kavu na mfululizo mrefu wa mistari. Anayeshindwa mara nyingi ni yule anayeruka mistari. Sisi tunaojisifu kwamba tunasoma riwaya hadi tanbihi tungepaswa kuwa mafundi wazuri tu. Hata jina la kadi ya mtandao ni sentensi nzima ukilisoma taratibu. `enp3s0`: `en` ni aina ya mtandao, ule wa waya; `p3` ni njia ya tatu ndani ya ubao wa kompyuta; `s0` ni nafasi ya sifuri kwenye njia hiyo. Zamani kadi hiyo ingeitwa `eth0`, jina fupi lisilosema inakaa wapi. Siku hizi jina ni anwani ya nyumbani.

Sasa kisa chenyewe.

Baba yangu alikuwa fundi wa laini katika Shirika la Posta na Simu. Alianza 1978, akiwa kijana wa kupanda nguzo, na alikuwepo bado shirika lilipogawanywa mwaka 1994. Leo kumbukumbu zake zinapungua. Daktari ametupa jina la ugonjwa, lakini nyumbani hatulitumii. Tunasema "Mzee leo yuko vizuri" au "Mzee leo hayuko sawa," na kila mtu anaelewa apike nini na aongee kwa sauti gani.

Dada yangu yuko Maskati, anafanya kazi huko mwaka wa sita huu. Kila Ijumaa baada ya alasiri anapiga simu ya video. Kwenye simu ya mkononi Mzee hamtambui. Anauliza, "Nani huyu mmemfungia humu?" Kwenye kioo cha kompyuta ya mezani, inchi ishirini na mbili, uso wa dada unakuwa karibu na ukubwa wa uso wa mtu, na hapo anamjua. Anamwita kwa jina la utoto ambalo wengine tulishalisahau. Ndiyo maana ile kompyuta iko chumbani kwake. Ni mashine ya mtumba, imechoka, na Linux ndiyo iliyokubali kuishi nayo bila kulalamika. Haina Wi-Fi, kwa hiyo waya wa mita kumi na tano unatoka kwenye ruta sebuleni, unapita kando ya ukuta na kwenye upenyo wa mlango upande wa bawaba, unaingia kwake.

Ijumaa moja mwanzoni mwa masika simu ikaanza kukatika. Dada anasema "Baba, shikamoo," Mzee anafungua mdomo kujibu, uso wa dada unaganda, kisha unapotea. Tukarudia mara nne. Ijumaa iliyofuata hatukuvuka salamu. Niliunganisha bando la simu yangu kwenye kompyuta, likaisha wakati dada anaanza habari za kazini. Jioni ile Mzee alikaa kitandani akiangalia kioo cheusi, akaniuliza:

"Yule mtoto amekasirika?"

"Hapana, Baba. Ni mtandao."

"Mbona mimi nikianza kusema tu, anaondoka?"

Nilimjibu tena kwamba ni mtandao. Baada ya nusu saa akauliza vilevile, na kesho yake asubuhi akauliza tena. Mambo mengine yalikuwa yanamtoka kabla chai haijapoa, lakini hilo la mtoto anayeondoka lilimkaa. Nikajua kwamba Ijumaa ya tatu lazima waya uwe mzima.

Kampuni inayotuletea intaneti ilipokea simu kwa adabu. Binti wa huduma kwa wateja akaniambia nizime ruta, nihesabu mpaka kumi, niwashe. Nikafanya. Akauliza natumia Windows ipi. Nikasema natumia Linux. Kimya. "Hiyo hatuihudumii, mteja wangu. Kuna lingine?" Kijana wa mtaani anayetengeneza kompyuta naye alipita, akatazama kioo kidogo, akatoa hukumu bila kukaa: "Weka Windows, mambo yaishe." Ushauri wa namna hiyo nimeuzoea. Ni sawa na mgeni kukuta ugomvi wa ndoa akashauri mke mpya.

Nikaamua kusoma.

Kuna programu ndogo inayoitwa `ping`. Iliandikwa Desemba 1983 na Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya jeshi la Marekani, kwa sababu mtandao wao ulikuwa unamsumbua. Aliiandika usiku mmoja, na jina alilichukua kwenye mlio wa sona, ule mwangwi ambao nyambizi hutumia kutafuta kitu gizani. Kwa Kiswahili ningeiita hodi. Unabisha, unasubiri karibu, unahesabu imechukua muda gani. Ukimya nao ni jibu.

Hodi hupigwa kuanzia ndani kwenda nje. Kwanza `ping 127.0.0.1`, ambayo ni kompyuta kujibishia hodi yenyewe: je, nipo? Kisha ruta, ambayo kwetu ni 192.168.1.1. Kisha mahali pa mbali kwa namba, mathalani 8.8.8.8. Mwisho mahali pa mbali kwa jina. Namba ikijibu na jina lisijibu, ugonjwa uko kwenye huduma ya kugeuza majina kuwa namba. Ruta ikijibu na mbali kusijibu, hapo ndipo unaipigia kampuni. Utaratibu huu ni wa kizamani na hauna ujanja, lakini unakuzuia usilaumu nyumba ya tatu wakati moto uko jikoni kwako.

Kompyuta ilijijibu. Ruta ikajibu hodi kumi na mbili chini ya milisekunde moja kila moja, ikanyamaza, ikajibu tena, ikanyamaza. Simu zetu zote zilikuwa zinapata mtandao vizuri kwa Wi-Fi kutoka ruta hiyohiyo. Basi kampuni, pamoja na kutonihudumia, haikuwa na kosa. Shida ilikuwa humu ndani, kati ya sebule na chumba cha Mzee.

Nikafungua kumbukumbu za kerneli kwa `sudo dmesg -w`, ambayo huonyesha matukio yakiandikwa papo hapo. Huko ndiko kulikokuwa na hadithi. Mstari: kiungo kimesimama, gigabiti moja kwa sekunde. Sekunde tisa baadaye: kiungo kimeanguka. Sekunde nne: kimesimama. Dakika nzima kimya, kisha kimeanguka. Taa ndogo ya kijani nyuma ya boksi ilikuwa inasoma mistari hiyohiyo kwa namna yake, inawaka, inazima.

Hapo kuna washukiwa watatu: programu, kadi na waya. Programu ya kadi, yaani draiva, huweza kuharibika baada ya kusasisha mfumo. Nikaiwasha kompyuta kwa kerneli ya zamani, ambayo Linux hukuwekea kwenye orodha ya mwanzo kwa ajili ya siku kama hizo. Hali ileile. Nikaiwasha kwa flashi yenye mfumo mwingine kabisa. Ileile. Kisha nikalibeba boksi mpaka sebuleni, nikaliunganisha na ruta kwa waya mfupi wa nusu mita. Dakika arobaini, hodi zaidi ya elfu mbili, zote zimejibiwa. Kadi ikatoka, programu ikatoka. Akabaki waya.

Ndani ya waya wa mtandao kuna nyaya nane nyembamba, zimesokotwa mbilimbili, jozi nne. Kwa kasi ya megabiti 100 zinafanya kazi jozi mbili tu, ya machungwa na ya kijani. Kwa gigabiti, yaani 1000, zinahitajika zote nne. Kompyuta na ruta hukubaliana kasi zenyewe, na siku zote hupenda ile kubwa. Sasa kama jozi mojawapo kati ya zile mbili za ziada imekatika kwa ndani, ikawa inagusa na kuachia, mashine hizi zitapatana, zitaanguka, zitapatana tena, bila kuchoka. Nikarudisha boksi chumbani, nikaandika:

`sudo ethtool -s enp3s0 speed 100 duplex full autoneg on`

Maana yake ni kuiambia kadi: usiahidi zaidi ya 100. Kiungo kikasimama. Robo saa, hakijaanguka. Kwa simu ya video hiyo kasi inatosha na kubaki. Nikajua pia kwamba machungwa na kijani ni nzima, na mgonjwa ni buluu au kahawia.

Muda wote huo Mzee alikuwa kitandani ananiangalia. Ilikuwa Alhamisi usiku, na nilishasahau kwamba namzuia kulala. Akauliza, "Unatafuta nini?"

"Waya huu, Baba. Umekatika humo ndani, sijui wapi. Pea mbili nzima, moja imekufa."

Nilisema "pea" bila kufikiri, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akisema yeye tulipokuwa wadogo. Akashusha miguu chini.

"Laini ina maradhi matatu," akasema. "Kukatika, kugusana, na kugusa ardhi. Yako ipi?"

"Inakatika na kurudi."

"Hiyo ni ya kukatika, ila bado haijaachana. Mbaya sana hiyo. Ukifika inapona, ukiondoka inaumwa." Kisha, kwa sauti ya mtu anayesoma ubaoni: "Buluu, machungwa, kijani, kahawia, kijivu. Pea ya kwanza ni buluu."

Mwanamume huyu asubuhi ile aliniuliza mara mbili kama tumeshakula.

Ikabidi niurudishe ugonjwa ili tuutafute. Nikairuhusu kadi ipande tena gigabiti, kiungo kikaanza kuyumba. Kisha nikaandika `ping -a 192.168.1.1`. Hiyo `-a` hufanya kompyuta itoe mlio kila hodi inapojibiwa. Nikaongeza sauti. Tii, tii, tii, mlio mmoja kila sekunde. Nikamwambia Mzee: ukisikia imenyamaza, hapo ulipo ndipo.

Hakuhitaji kuelezwa. Alianza nyuma ya boksi, akaushika waya kwa vidole vitatu, akaukunja kidogo, akaachia, akasogea shibri moja, akakunja, akaachia. Sijui kama alikuwa anajua ni mwaka gani. Alikuwa anajua anachofanya. Mlio uliendelea. Akapita kabati, akafika mlangoni, pale waya unapopita kando ya bawaba, ambapo mlango umekuwa ukiubana kila ukifunguliwa. Akakunja. Kimya. Akaachia. Baada ya sekunde chache, tii, tii. Akakunja. Kimya.

"Hapa," akasema, na akabaki ameushika, kana kwamba akiuachia utakimbia.

Ijumaa tuliongea na Maskati kwa pea mbili, kwa kasi ya 100, saa nzima na dakika tano. Dada alilalamika joto, Mzee akampa pole, akamuuliza atarudi lini, akamuuliza tena, akamuuliza tena. Uso haukuganda hata mara moja. Alipomaliza hakuuliza kama mtoto amekasirika.

Jumamosi nikanunua waya mpya, vichwa, na koleo la kuvibania. Tukaupasua kwanza ule wa zamani pale kwenye bawaba. Ilikuwa buluu. Ganda la plastiki zima, shaba ndani imekatika, ncha mbili zinatazamana. Mzee akaishika kwa kucha bila kusema kitu. Alikwisha kusema.

Kwenye kupanga rangi za kichwa akanipa somo lingine. Mpangilio unaotumika sana ni huu: machungwa yenye weupe, machungwa, kijani yenye weupe, buluu, buluu yenye weupe, kijani, kahawia yenye weupe, kahawia. Nikamsomea, naye anapanga. Alipofika buluu akasimama.

"Mbona kijani wameitenganisha? Pea haitenganishwi."

Nimebana vichwa vya waya miaka mingi na sikuwahi kujiuliza hilo. Nilimweleza kadiri ninavyojua: nafasi mbili za katikati zimeachiwa pea ya kwanza kwa sababu ndipo laini ya simu ilipokuwa inakaa. Waliotunga mpangilio huu walitaka waya uleule uweze kubeba simu, basi buluu ikaachwa kwenye kiti chake, na kijani ikalazimika kukaa huku na huku. Yaani katikati ya kila kichwa cha waya wa mtandao, ofisini, benki, popote, bado kuna nafasi ya simu ya mezani. Mzee akasikiliza, akacheka kidogo.

"Kumbe wametuheshimu," akasema.

Naijua hamu ya mwandishi kufika hapa na kulinganisha kichwa cha baba na waya: unaogusa na kuachia, unaopona ukifika na kuumwa ukiondoka. Ameniwekea sitiari hiyo mezani yeye mwenyewe, na bado siichukui. Waya nimeutupa, nimenunua mwingine kwa bei ya kilo chache za sukari. Baba simtupi, na hakuna duka.

Ninachokichukua ni kidogo zaidi. Mtu mwenye maradhi ya kumbukumbu huulizwa maswali ya mtihani tu. Daktari anamuuliza leo siku gani, rais ni nani. Wageni wanaokuja kumjulia hali wanamuuliza, "Mzee, mimi nani? Unanikumbuka?" na kusubiri kwa tabasamu. Kila anayeuliza ana jibu mfukoni, naye Mzee anajua kwamba wanalo. Usiku ule wa Alhamisi aliulizwa jambo ambalo muulizaji hakuwa na jibu lake. Waya ulikuwa umekatika kweli, mahali sikupajua, na vidole vyake ndivyo vilivyopajua.

Tangu hapo nimeanza daftari. Nakaa naye siku akiwa vizuri, namuuliza maneno ya kazi yake: waliiitaje laini inayovuma, waliiitaje nguzo iliyooza chini na nzima juu, walisemaje kwenye simu ya majaribio wakitaka upande wa pili uachie. Lugha ya wale mafundi haikuandikwa sana. Walikuwa na fomu za Kiingereza ofisini na Kiswahili chao juu ya nguzo, na kile cha juu ya nguzo kinaondoka pamoja nao. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuiweka programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice, na watu wakakaa chini kutafuta neno la kila kitufe. Nawaheshimu sana kwa kazi ile. Lakini mengine hayahitaji kutungwa. Yapo, yamelala chumba cha pili, yanasubiri mtu mwenye waya mbovu.

Daftari limejaa kurasa kumi na moja. Buluu alinieleza kwa kirefu, machungwa na kijani pia, kahawia kidogo. Nimefika pea ya tano, ya kijivu, ambayo kwenye waya wa kompyuta haimo kabisa. Nimemuuliza ilikuwa inatumika kwa kazi gani. Amesema atanieleza kesho, tukishakula.